Mala au Mara: Kumbukumbu ya Mama Yetu Paskazia

Mvua za Novemba zimerudi, Mama, nazo ndizo zilizotuambia kwamba mwaka umetimia tangu ulipotuacha, asubuhi ya Jumanne, tarehe 19 Novemba 1996, katika wodi ya wanawake, ukiwa umeshika ncha ya kanga ya Modesta.

Mwaka huu mvua hazina adabu. Redioni wanaziita El Nino. Hapa Mabatini zimebomoa choo cha jirani na kuzoa nusu ya uzio wetu, lakini ukuta wa Buswelu haujapata hata ufa. Nimekwenda mwenyewe kuutazama, nikauzunguka wote, nikarudi nimelowa. Ningependa kukuandikia kwamba umeanguka.

Tunajua matangazo ya namna hii yanavyokwenda. Marehemu huwa mpole, mcheshi, mpenda watu, na pengo lake halizibiki. Ukarimu wako hakuna wa kuubishia. Nusu ya Mabatini imekula kwenye sufuria yako. Lakini mpole hukuwa. Katika wasifu wako uliosomwa kaburini waliandika kwamba ulikuwa "mama mpole aliyependa kuwapikia wageni wa kanisa," na sisi watano tukatazamana, tukanyamaza kwa heshima ya msiba. Leo hakuna msiba wa kutunyamazisha, kwa hiyo tutakusema ulivyokuwa.

Anayeandika ni mimi, Sabina, mkubwa wao, kwa niaba ya familia. Maneno hayo matatu, kwa niaba ya, niliwahi kuyatia sahihi yangu siku moja, na wewe unajua yalikupeleka wapi. Nitafika huko. Wadogo zangu wamesema nisipofika huko hawataki majina yao yawemo.

Ulizaliwa Ukerewe, ukavuka maji kuja kuolewa na Baba, Elias Luhaga, Msukuma wa Buswelu, fundi mwashi. Ulianza kuuza dagaa Mwaloni, pale Kirumba, kabla mimi sijaota meno. Viwanda vya minofu vilipokuja, mawakala wakawa wanaingojea mitumbwi na magari yenye barafu, sangara wote wakaenda huko, nanyi akina mama mkaachiwa mapanki, kichwa na mifupa iliyokwisha kukwanguliwa nyama. Wenzako walilia. Wewe ulitafuta karai kubwa, ukakaanga mapanki, ukasema Ruthi naye aliokota masazo shambani kwa watu. Kisha ukaongeza kwamba Boazi aliwaagiza vijana wake wamdondoshee Ruthi makusudi, na hawa wa minofu hawadondoshi kitu.

Kusoma ulijifunza ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, mimi nikiwa nimelala mgongoni mwako. Hukuwahi kuacha kusoma kwa kidole. Barua ya shule, karatasi ya dawa, gazeti lililofungia vitumbua, vyote kidole chako kilipita juu yake, neno kwa neno, midomo ikifuata. Tulikuwa tunakucheka. Nilipoajiriwa kiwanda cha nguo kuwa karani wa kupiga taipu, nikawa nasoma ukurasa kwa kuutupia jicho tu, nilikuambia, Mama, siku hizi watu hawasomi kwa kidole. Ukaniuliza wanajuaje kama hawajaruka kitu.

Kila Jumatano saa kumi jioni akina mama wa jumuiya walikuja uani kwetu kujifunza habari za wanawake wa Biblia. Hakuna aliyekutuma. Padri alikuruhusu kwa sababu alidhani ni mkutano wa kushona vitambaa vya altare. Ulikuwa na sheria moja tu: mwanamke yeyote wa Biblia haanzi kusimuliwa mpaka mtu aseme mikono yake ilifanya kazi gani. Yaeli, aliyemuua jemadari kwa kigingi cha hema, ulisema hakuwa na ushujaa wa ajabu, ila alikuwa amezoea kugongea vigingi maisha yake yote, na kila mama aliyekuwa na turubai sokoni alielewa. Lidia aliuza nguo za zambarau na nyumba ilikuwa yake. Hulda aliletewa kitabu na watu wa mfalme, makuhani wazima na madevu yao, wakitaka mwanamke awaambie kilichomo ni cha kweli au si cha kweli. Hulda ulimpenda sana. Ulisema huyo alisoma mpaka mwisho.

Mwanaharusi, mwenzako wa Mwaloni, alikuwa Mwislamu na alikuja hata hivyo. Alisema anamfuata Hajiri tu, kwa kuwa Hajiri ni bibi yake. Hajiri alipokwisha aliendelea kuja.

Na Rispa. Huyo hata Wakristo wengi hawamjui. Wanawe wawili waliuawa kwa makosa ya wengine, wakaachwa juani pamoja na wengine watano bila kuzikwa, naye akatandika gunia juu ya mwamba akakaa hapo tangu mavuno mpaka mvua, mchana akifukuza ndege, usiku wanyama. Akina mama walipouliza mikono ya Rispa ilifanya kazi gani, ulisema anayeijua kazi hiyo ni mtu aliyewahi kuanika dagaa. Kunguru hawachoki, na wewe ukichoka umekwisha. Hapo kila mtu alicheka, maana wote mlikuwa mmeanika.

Lakini waliokuwa wako hasa ni wale watano.

Bernadeta, kitinda mimba wetu, alipozaliwa, akina mama wa ukoo wa Baba walikuja na uji na pole. Walikupa pole kama mfiwa, kwa kuwa ulikuwa umezaa msichana wa tano na mvulana hakuna. Ulikunywa uji wao. Walipoondoka ulifungua Biblia kwenye kitabu cha Hesabu, sura ya ishirini na saba, ukatuita wote kitandani.

Selofehadi alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Ardhi ilipokuwa inagawanywa, jina lake lilikuwa linafutwa. Binti zake watano wakatoka wakaenda kusimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa na wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee eti kwa sababu hakuwa na mvulana, wakadai sehemu yao. Musa akapeleka shauri kwa Mungu, na Mungu akasema wasichana wako sawa. Ukifika hapo ulikuwa unatua kidogo.

"Musa arikuwa hajui," ulisema. "Arienda kuuriza."

Kilichokufurahisha zaidi ni majina. Kitabu ambacho hakikujali kumtaja jina mke wa Nuhu, wala mke wa Lutu, wala mama yake Samsoni, kiliandika Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa mara nne, mahali panne mbalimbali. Ulizihesabu. Ulisema Mungu hakutaka mtu apite njiani akisema wale wasichana. Basi juma lile ukatugawia. Ubatizoni tulikuwa na majina ya watakatifu, ya nyumbani yakawa hayo. Getruda akawa Noa, Dorotea akawa Hogla akalia kwa sababu lilifanana na jina la ng'ombe, Modesta akawa Milka, Bernadeta mchanga akawa Tirsa.

Mimi nikawa Mala, na balaa langu likaanzia hapo. Ulimi wako wa Ukerewe haukuwahi kutenganisha l na r. Uliniita Mara. Watoto wa mtaani waliniuliza kama nimepewa jina la mkoa. Siku moja katekista alikusikia, akakurekebisha mbele ya watu baada ya misa.

"Mama Sabina, Mara ni wa kule kwenye Ruthi. Naomi alipofiwa na mume na watoto alisema msiniite Naomi, niiteni Mara, maana yake uchungu. Sasa wewe unamwita mwanao uchungu?"

Ukamjibu kwa utulivu kabisa, "Mimi sikusema Mara. Nimesema Mara."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nawe ukacheka nao. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sikucheka. Tangu siku hiyo kila uliponiita nilikuwa nasikiliza ni yupi unayemwita.

Baba alifariki mwaka 1991. Tulimzika Buswelu, shambani kwake, kando ya ule mwamba mkubwa aliokuwa akikalia kunoa jembe. Alipokuwa anaumwa alisema, akiwa na akili zake timamu na mdogo wake akiwa amekaa miguuni pake, kwamba shamba lile ni la wasichana na Mama atakaa humo mpaka siku yake, kisha azikwe kando yake. Baba mdogo aliitikia. Alikubali kwa kichwa na kufuta machozi, na sidhani kama machozi yale yalikuwa ya uongo. Wakati ule Buswelu ilikuwa mihogo na mbuzi. Hakuna aliyekuwa anaitaka.

Kisha mji ukapanda kuelekea huko. Wapimaji wakaja na vyuma vyao, wakapanda mawe ya mipaka kwenye mashamba ya watu, na kila mwenye lori akawa anatafuta mahali pa kuliweka.

Mwezi wa tisa mwaka 1995 kiwanda kilinipa barua ya kupunguzwa kazini, mimi na wenzangu wengi. Nilitoka getini na barua mkononi. Baba mdogo alikuwa ananingoja nje na baiskeli yake. Alisema wapimaji wanataka sahihi ya mtoto mkubwa ili shamba la marehemu liingizwe kwenye ramani, na leo ndiyo siku ya mwisho. Karatasi ilikuwa imekunjwa, nusu ya chini ndiyo iliyoonekana. Aliilaza kwenye tandiko la baiskeli. Nikaandika Sabina E. Luhaga, kwa niaba ya familia. Karani mzima, niliyewapigia watu taipu mikataba kwa miaka saba, sikuikunjua.

Miezi miwili baadaye ulikwenda Buswelu kuchimba mihogo ukakuta rundo la matofali ya saruji na tajiri mmoja wa mjini akipima kwa hatua. Alikuonyesha hati ya mauziano kwa adabu, akakupa na nakala. Ulikaa chini kwenye matofali yake, ukaisoma kwa kidole tangu juu mpaka kidole kilipofika kwangu.

Ulirudi nyumbani jioni, ukanawa miguu, ukala. Kisha ukaniita. "Mara, njoo unisomee hapa."

Nikasimama mbele yako nikasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka jina langu. Wadogo zangu walikuwa wanasikiliza. Hukunigombeza wala hukulia, ulichosema ni, "Sasa umeisoma." Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile ni yupi uliyemwita aje kusoma. Sikuwa na ujasiri wa kukuuliza.

Kikao cha ukoo kilikaa mwezi wa pili mwaka 1996, uani kwa baba mdogo, juu ya mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Ulitupanga sisi watano nyuma yako kwa kufuata umri. Getruda alikuwa ametoka Bukoba kwa mumewe, Dorotea Musoma. Ukafungua Hesabu ishirini na saba ukasoma yote, polepole, kidole juu, na wazee wakakungoja. Ulipomaliza wazee wawili watatu walikuwa wanaitikia kwa vichwa.

"Shemeji," baba mdogo akasema, "hayo ni ya Wayahudi. Hapa ni Buswelu."

"Na ubatizo wako ni wa wapi?" ukamuuliza.

Wazee walicheka. Kwa dakika moja, Mama, ulikuwa umeshinda. Lakini baba mdogo alikuwa amemwalika katekista, na katekista alikuwa amekuja na Biblia yake.

"Mama Sabina amesoma vizuri," akasema. "Sasa afungue sura ya thelathini na sita."

Wewe uliijua sura hiyo. Hukuwahi kutuficha. Wakuu wa ukoo wa Selofehadi walikwenda kulalamika kwamba wasichana wakiolewa nje ardhi itawafuata huko, ikaamriwa waolewe kwenye kabila la baba yao. Katekista aliisoma kwa sauti ya kwenye mimbari.

"Mmesikia," baba mdogo akasema. "Mmoja yuko kwa Wahaya, mmoja kwa Wajita. Ardhi ya Luhaga iende Bukoba?"

"Sura hiyo hiyo inasema waorewe na wanaowapenda," ulijibu. "Hiro mmeriruka. Harafu hapa wako watatu ambao hawajaorewa. Wapeni hao."

Hata katekista alitazama chini. Mzee mmoja alianza kusema kwamba mama ana hoja. Ndipo baba mdogo akaingiza mkono mfukoni, akaikunjua ile karatasi, safari hii akaikunjua yote.

"Mmoja wa hao watatu ni huyu mkubwa," akasema. "Huyu hapa ndiye aliyeuza. Sahihi hii hapa. Mwulizeni kama si yake."

Waliniuliza. Nikasema ni yangu. Nilitaka kueleza habari ya tandiko la baiskeli na barua ya kazi, lakini mzee yule aliyeanza kukutetea alikuwa ameshasimama kukung'uta suruali. Kikao kikavunjika hapo. Ulifunga Biblia, ukaiweka kwenye kikapu. Njiani nilikuomba msamaha mara nyingi, ukanijibu nikubebee kikapu.

Getruda ndiye aliyekupeleka mahakamani. Kesi ilifunguliwa kwa jina lako, na tangu siku hiyo imekuwa ikipigwa kalenda. Shahidi hayupo, faili halionekani, hakimu yuko semina. Tajiri hakungoja kalenda. Mwezi wa sita vibarua wake walianza kuchimba msingi wa ukuta, na kamba yao ya kupimia ilipita kati ya kaburi la Baba na mwamba.

Siku ile ulitoka nyumbani na gunia la dagaa, tupu. Ulilitandika juu ya mwamba ukakaa.

"Bibi, tupishe, tuna kazi," kibarua mmoja akakuambia.

"Na mimi nina kazi. Nafukuza ndege."

"Ndege gani?"

"Ninyi."

Ulikaa kila siku tangu mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja, ukienda asubuhi na kurudi jua likizama. Modesta alikuletea uji. Mwanaharusi alifunga genge lake mara mbili kwa juma, akaja kukaa upande wa pili wa gunia, akichambua mchele. Bernadeta alikuja baada ya shule. Vibarua walikuwa watoto wa watu. Kila asubuhi walikuamkia shikamoo, ukaitikia marahaba, kisha wakaendelea kujenga. Hawakugusa kaburi. Walianzia upande mwingine wakalizungushia, pamoja na mwamba, pamoja na wewe, wakakuachia mwanya wa geti.

Rispa alipokaa, mfalme aliambiwa, akaona haya, akaenda kuwazika wale watu kwa heshima. Sisi tuliwaambia watu watatu wenye vyeo. Mmoja alisema atakuja kuona, mwingine akasema tuandike barua, na wa tatu akauliza huyo Rispa ni mke wa nani.

Na mimi, Mama, sikukaa nawe hata siku moja. Nilikuwa sina kazi, nilikuwa na siku zote za dunia. Mara moja nilifika na chupa ya chai mpaka kwenye kona ya barabara, nikakuona umejitanda kanga kichwani juu ya ule mwamba, nikawaona vibarua wananitazama, nikageuka. Niliona aibu. Nilijiambia ni aibu ya mama anayejidhalilisha mbele ya watu. Si kweli, nilijionea aibu mimi mwenyewe. Chai niliinywa njiani.

Mvua ya kwanza ilipokuja Modesta alikuambia imetosha, Rispa naye aliondoka mvua iliponyesha. Ukasema hayo ni manyunyu. Ya pili ulikaa nayo. Siku ya tatu tulikurudisha kwa mkokoteni, unatetemeka, gunia likiwa limejaa maji na wewe hutaki kuliachia. Mapafu yalikuwa yameshaingia baridi. Kule wodini wauguzi walihangaika nawe, hatuna la kuwalaumu.

Siku mbili kabla hujatutoka ulifumbua macho mchana ukasema, "Mara." Wenzangu wakanisogeza mbele. Nikakuinamia, na kwa kuwa niliogopa kwamba sitapata nafasi nyingine, nikauliza kitu cha kijinga ambacho mtu hamwulizi mgonjwa. Nilikuuliza, "Mama, unaniita Mala au Mara?"

Nadhani ulicheka kidogo, Modesta anasema ni kikohozi.

"Hiro hiro," ulisema.

Hukusema nami neno jingine.

Tulikwenda Buswelu kuomba mahali kando ya Baba. Geti lilikuwa limefungwa na mlinzi alisema mwenyewe amesafiri. Kwa hiyo tukakulaza huku kwenye makaburi ya mjini, kati ya watu ambao hatukuwahi kuwaamkia, na Baba amelala kule ndani ya uwanja wa malori ya mtu. Baba mdogo alitoa neno la shukrani kwa niaba ya ukoo. Katekista ndiye aliyesoma ule wasifu wa mama mpole.

Juma lililopita baba mdogo alikuja na mwavuli. Alikuwa amesikia tunaandaa tangazo hili. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikamwekea chai.

"Katika majina ya familia, la mkubwa wa ukoo ndilo linalotangulia," akaniambia. "Ndiyo desturi, mwanangu. Watu watashangaa wasipoliona."

Nikamwambia, baba mdogo, kwenye Hesabu, ndugu za Selofehadi wametajwa, lakini hakuna hata mmoja aliyetajwa kwa jina. Ni ndugu za baba yao, basi. Alikunywa chai yake hadi mwisho. Kisha akasema jambo ambalo lazima niliandike, kwa sababu ni la kweli. Alisema, "Sahihi haikuwa yangu peke yangu."

Atakayelitafuta jina lake humu, arudi juu asome tena. Halimo. Sahihi yangu imo.

Kesi yako imepangwa tena Jumatatu, tarehe 15 Desemba. Mdai akifa wengine husimama mahali pake, na sisi watano tutasimama, kwa kufuata umri, kama ulivyotupanga. Wakili wa tajiri atanyanyua ile karatasi kama ilivyonyanyuliwa kikaoni. Nitasema mbele ya hakimu kwamba sahihi ni yangu, kwamba nilikuwa karani, kwamba nilijua kusoma na sikusoma. Huenda ndiyo ikatunyima shamba. Getruda anasema huenda ikatupatia. Sijui, na kukudanganya siwezi tena. Tukishinda tutakuhamishia kando ya Baba. Tukishindwa, nitachukua gunia. Bado liko, Modesta alilifua akalianika.

Leo kumbukumbu yako imeangukia Jumatano. Saa kumi jioni Mwanaharusi na akina mama wa jumuiya watakuja uani, hata kama mvua itanyesha. Wamesema zamu ya kusimuliwa ni yako, na kwamba tuanze kwa kusema mikono yako ilifanya kazi gani.

Wanaokukumbuka ni binti za Elias Luhaga na Paskazia, nao wanaitwa: Getruda, ambaye ni Noa, Dorotea, ambaye ni Hogla, Modesta, ambaye ni Milka, Bernadeta, ambaye ni Tirsa, na mimi Sabina, mkubwa wao, niliyejiweka mwisho, ambaye ni Mala, na ni Mara, hilo hilo.

Hatutaacha kukukumbuka, Mama. Tangazo hili tumelisoma sote watano kwa kidole, neno kwa neno, kabla ya kuweka majina yetu.